Seva Iko Buna, Njoo Uiguse!

Rafiki yangu, acha unachofanya! Nimetoka kuishika sasa hivi, vidole bado vina vumbi la kibodi, na hata kukaa kitini siwezi. Ile laptopu kuukuu yenye kioo kilichopasuka, iliyokuwa imetupwa juu ya kabati haina kazi? Leo ni seva ya faili! Seva hai, nyepesi, tulivu, kali ajabu, inagawia simu na laptopu za nyumba nzima, na inaishi ndani ya konteina ya Linux. Si Nairobi, si hata Wajir mjini. Hapa hapa Buna, wallahi!

Sasa hiyo konteina. Fikiria ploti ya vyumba vya kupanga: kila mpangaji ana mlango wake, kufuli lake na kelele zake, ila paa ni moja na tangi la maji ni moja. Paa hilo ni kerneli ya Linux, wote wanaitumia. Ndiyo maana konteina haina haja ya kuwaka upya kama kompyuta nzima. Niligusa Enter, na kabla sijainua kidole ilikuwa macho! Hakuna nembo inayozunguka, hakuna feni inayonguruma. Nilitega sikio kwenye laptopu nikidhani imekataa. Kumbe iko kazini zamani!

Ndani tukaweka Samba, programu aliyoianzisha Andrew Tridgell kule Canberra mnamo 1992 na kuigawa bure kabisa. Samba inazungumza na Windows kwa namna Windows inavyozoea kugawana faili, kwa hivyo mwalimu wa sekondari msingi (JSS) alifungua laptopu yake, akaona folda, akaingia. Basi! Hakuuliza Linux ni nini. Nami nikachukua simu, nikafungua programu ya faili inayoweza kufika kwenye mtandao wa nyumba, na folda ileile ikanitazama usoni. Nikagusa video ya somo la sayansi. Ikacheza! Haikusita, haikukwama, sauti safi, picha safi. Nikavuta mbele, ikanifuata. Nikarudisha nyuma, ikanifuata. Na bando? Hata KB moja haikuliwa, maana ruta inayounganisha vifaa vya nyumba haina laini ya intaneti. Mtandao unahitajika mara moja tu, wakati wa kushusha konteina na Samba, basi umemaliza. Na bado!

Kuna jambo lililonifanya niruke. Ndani ya konteina mimi ni root, mwenye amri zote. Nikachungulia kutoka nje, na mashine ikanionyesha kuwa mkubwa huyo ni mtumiaji nambari 100000 tu, mtu wa kawaida asiye na cheo! Ona uzuri wake: mhuni akivamia seva na kujifanya root, akichomoza nje hana nguvu za root. Nimelipenda hilo kupita kiasi.

Faili zenyewe hazikai ndani ya konteina. Ziko kwenye diski ya nje, na konteina imefunguliwa njia ya kuifikia folda moja tu. Hapo patanisha nambari za wenye faili, ya ndani na ya nje, la sivyo utaona kila kitu ni cha “nobody” na hutaandika hata herufi. Zikipatana, raha tupu! Na usihangaike na NFS ya kerneli, njia nyingine ya kugawana faili, kwenye konteina ya namna hii ambayo root wake hana cheo nje, kwani inataka kushika paa lenyewe na haitaruhusiwa. Samba ni programu ya kawaida, haiombi makubwa.

Halafu snapshoti! Tukahifadhi hali ya konteina, kisha nikafuta mipangilio yote ya Samba kwa makusudi. Folda ikapotea kwenye simu, moyo ukanidunda. Amri moja, na kila kitu kikarudi mahali pake! Nikafuta tena kwa kuonja tu utamu wa kurudisha. (Ila snapshoti hiyo hailindi diski ya nje. Faili zako nakili kwenye diski ya pili, tafadhali sana.)

Sola ikizima, laptopu ina betri yake, seva haitikisiki. Sasa hivi mna notisi za Gredi ya 9, visomo vya Kurani, picha za harusi, hadithi za wazee tulizorekodi kwa Kisomali na Kiborana, zote mahali pamoja, na hakuna tena kuzungusha flashi iliyojaa virusi kutoka mkono hadi mkono.

Na bado! Kesho baada ya Asri tunawasha konteina ya pili kando ya hii, yenye Kiwix, ili Wikipedia isomeke bila intaneti. Wewe beba laptopu yako yoyote, hata iliyokufa kioo. Debian, Linux yenyewe ya kusakinisha, ninayo kwenye flashi, safi, haina kirusi!