Presha Iliyokataa Kurudi

Breki za gari kuukuu zikianza kuunguza gurudumu, wa kwanza kulaumiwa ni pedi, na mara nyingi hazina kosa. Gari linavuta upande mmoja, harufu kali inaingia dirishani, rimu haishikiki kwa mkono, na dereva anakwenda moja kwa moja dukani. Pedi mpya zinafungwa, gari linatulia kidogo, kisha joto linarudi palepale. Lilitulia kwa sababu fundi alipozifunga alilazimika kuzirudisha pistoni nyuma kwa nguvu, na mafuta yaliyokuwa yamebanwa yakapata nafasi. Kilichoyabana hakikuguswa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Hilux moja ya dizeli ya miaka ya 1990, ile yenye ekseli nzima mbele, iliyokuwa ikisomba ndizi na maharage kutoka Nyabusozi. Naeleza jinsi ilivyochunguzwa kwa sababu njia hiyo inafaa karibu kila gari la zamani lenye breki za mafuta linalopanda na kushuka vilima vya Ngara na Biharamulo.

Kabla ya kushika spana, yapo maswali mawili yasiyopaswa kuchanganywa: breki zinashika zenyewe, au zimechoshwa na kazi? Vilima vya kwetu vinaweza kuchosha breki nzima kabisa. Mji wa Ngara uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, na Mto Kagera pale Rusumo uko chini yake kwa mamia ya mita. Gari la tani mbili na nusu likishuka mita 300, nishati inayopaswa kwenda mahali fulani ni zaidi ya jouli milioni saba, ambayo inatosha kuchemsha dumu zima la maji la lita 20. Injini isipopewa sehemu ya mzigo huo kupitia gia ndogo, wote unaishia kwenye diski na dramu. Kwa hiyo joto la magurudumu yote baada ya mteremko mrefu si lazima liwe ubovu. Joto la gurudumu moja kwenye barabara tambarare, breki ikiwa haijakanyagwa, ni ubovu.

Hilux ile ilipelekwa kwenye kipande tambarare, ikaendeshwa kilomita chache bila kugusa breki, kisha ikaachwa isimame yenyewe. Haikuhitaji kipimo cha bei. Kiganja kilichosogezwa karibu na rimu bila kuigusa kilitosha, na matone machache ya maji kwenye rimu yakathibitisha: kulia yalitulia, kushoto mbele yakachemka na kukauka. Nasema matone. Kumwaga ndoo ya maji kwenye dramu au diski iliyoungua, kama matingo wengi wanavyofanya wakifika chini ya mlima, ni kuualika ufa. Chuma cha kusubu hakivumilii kupoa ghafla, na ufa huo unaweza kukaa umefichika mpaka siku gari limebeba mzigo.

Baada ya hapo gari lilipandishwa kwenye stendi, hab za mbele zikawekwa huru ili uzito wa shafti usidanganye mkono. Gurudumu la kushoto lilizunguka vizuri. Hapa ndipo mafundi wengi wanapokata tamaa na kusema gari halina tatizo. Lakini lilikuwa limekaa na kupoa, na presha iliyonaswa ilikuwa imevuja taratibu hadi kwisha. Jaribio halina maana mpaka injini iwashwe, pedeli ikanyagwe kwa nguvu mara kadhaa, iachwe, ndipo gurudumu lizungushwe mara moja. Lilipozungushwa hivyo, lilikataa. La kulia lilikubali.

Swali lililofuata ndilo moyo wa kazi yote: kinacholishika ni presha au ni chuma? Jibu liko kwenye skrubu ya kutolea upepo, nyuma ya kalipa. Spana inazungushwa robo tu. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia papo hapo, ujue kuna presha iliyonaswa, na kalipa yenyewe huenda ni nzima. Yakitoka matone tu na gurudumu likabaki limeshikwa, basi pistoni imegandishwa na kutu, jambo la kawaida pale mpira wa vumbi unapochanika na tope jekundu la masika likaingia. Kwenye magari madogo yenye kalipa inayoteleza, pini zake nazo hukauka grisi na kukwama. Hilux ya aina hii haina pini hizo, kalipa yake imefungwa moja kwa moja na ina pistoni nne.

Mafuta yaliruka. Gurudumu likaachia.

Kuanzia hapo fundi anafuata mafuta kurudi yalikotoka, kituo kwa kituo. Pedeli ilikanyagwa tena, gurudumu likashika tena, safari hii ikalegezwa nati inayounganisha paipu ya chuma na hozi ya mpira, juu ya hozi. Hakuna kilichobadilika. Presha ilikuwa imebaki chini ya nati ile na juu ya kalipa, na katikati hapo hakuna kitu kingine zaidi ya hozi yenyewe. Kwa nje ilionekana nzuri. Ilipokatwa kwa urefu, tabaka la ndani lilikuwa limevimba na kubanduka kama kipande cha ngozi, kikifunga njia. Mguu wa dereva una nguvu ya kuyapitisha mafuta kwenda, lakini mpira wa kalipa unaopaswa kuirudisha pistoni ni dhaifu mno kuyarudisha.

Uzee unachangia, ila hozi nyingi zinauawa na sisi wenyewe. Silinda ya gurudumu ikivuja njiani, hozi inakunjwa na kubanwa kwa koleo ili gari lifike nyumbani. Kalipa ikifunguliwa, inaachwa ining'inie kwenye hozi. Kwa nje mpira unarudi umbo lake. Kwa ndani nyuzi zimekatika. Kutu nayo inaweza kuota chini ya bano la chuma linaloshika hozi na kuiminya polepole. Hozi zote mbili za mbele zilibadilishwa, kwa kuwa zilikuwa na umri mmoja na zimepita njia ileile.

Kama gurudumu lingeachia pale juu ya hozi, msako ungeendelea hadi kwenye masta silinda. Dalili za huko ni tofauti: breki hazishiki upande mmoja, zinashika magurudumu mawili ya mbele pamoja, au yote manne. Ndani ya masta silinda kuna tundu dogo sana ambalo mafuta hurudia kwenye kikombe pedeli inapoachwa. Likizibwa, joto linayatanua mafuta, yanakosa pa kwenda, na breki zinajikanyaga zenyewe. Kadiri gari linavyotembea ndivyo zinavyozidi kukaza. Legeza nati zinazoshika masta silinda kwenye busta, uivute mbele kidogo. Breki zikiachia, fimbo inayosukuma pistoni ni ndefu mno au pedeli haina nafasi ya kucheza. Zisipoachia, legeza paipu inayotoka kwenye masta silinda. Zikiachia hapo, mipira ya ndani imevimba.

Sababu kubwa ya mipira kuvimba ni mtu aliyeongeza mafuta ya injini au ya hidroliki kwenye kikombe cha breki, kisa dukani hayakuwepo yenyewe. Kuthibitisha ni rahisi. Chota kidogo, tia kwenye chupa angavu yenye maji, tikisa. Mafuta halisi ya breki ya DOT 3 au DOT 4 yanachanganyika na maji. Yakielea juu, mfumo umeingiliwa, na kubadilisha mafuta pekee hakutoshi: kila mpira, kuanzia masta silinda hadi gurudumu la mwisho, lazima utoke.

Mafuta ya Hilux ile yalikuwa halali lakini meusi na ya zamani. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzijoto 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7, huanza kuchemka kwenye 140. Gurudumu linaloshika linafika huko bila shida. Mafuta yakichemka yanakuwa mvuke, mvuke unabanika, na pedeli inakwenda hadi sakafuni. Ndivyo kosa dogo la hozi linavyoweza kumaliza breki katikati ya mteremko. Hatari inazidi dereva akizima injini na kuweka gia huru ili kuokoa dizeli: injini haimsaidii tena kuzuia gari, na pampu ya kunyonya hewa inayolisha busta, ambayo kwenye injini nyingi za dizeli za Toyota iko nyuma ya alteneta, imesimama. Anabakiwa na mikanyago michache yenye nguvu.

Malori yanayopita mipakani Rusumo na Kabanga, yenye breki za upepo, hayachunguzwi kwa njia hii ya kutafuta presha iliyonaswa. Breki zake za nyuma za springi hushikiliwa wazi na upepo. Upepo ukivuja, springi inaanza kufunga, hivyo fundi anatafuta presha iliyopungua, kinyume cha ile ya Hilux.

Kwenye Hilux kulikuwa na jambo la pili, lililoeleza kwa nini diski za mbele zilikuwa zimebadilika rangi kuwa za bluu pande zote mbili, hata upande ambao haukushika. Dramu za nyuma zilikuwa baridi kila mara. Kwenye gari hili breki shuu za nyuma hujirekebisha hendibreki inapovutwa, kupitia mikono midogo ya chuma iliyo nyuma ya bamba la dramu. Mikono hiyo ilikuwa imeganda kwa kutu, hendibreki haivutiki, shuu zimebaki mbali na dramu, na ekseli ya mbele imekuwa ikibeba kazi ya magurudumu yote. Ilifunguliwa, ikasafishwa, ikatiwa grisi, shuu zikarekebishwa kwa mkono na mafuta yakabadilishwa yote. Gari liliposhushwa mlimani likiwa na mzigo, magurudumu mawili ya mbele yalikuwa na joto linalolingana, na dramu za nyuma, kwa mara ya kwanza, zilikuwa vuguvugu.