Kiendeshi Kimoja, Maana Mbili: Uhakiki wa Istilahi ya Kiini cha Linux kwa Mtumiaji wa Ngara na Biharamulo

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Mafanikio hayo yaligusa menyu na vitufe, yaani sehemu anayoiona mtumiaji. Kiini cha mfumo endeshi, ambacho huwasiliana na vifaa, hakikuguswa. Taarifa za kiini cha Linux hadi leo hutolewa kwa Kiingereza. Anayetaka kuieleza kazi ya kiini kwa Kiswahili hutegemea istilahi pekee, nazo zikiyumba, maelezo nayo huyumba.

Istilahi "kiendeshi" ni mfano. Hutumika kwa kifaa cha kusomea diski, na pia kwa programu inayokiwezesha kiini kukitumia kifaa fulani. Kwa kawaida muktadha huondoa utata. Modemu ya USB hauachi muktadha huo usalimike. Modemu nyingi za aina hiyo, zinapochomekwa, hujitambulisha kwanza kama kifaa cha kusomea diski, chenye programu za Windows. Mara nyingi Linux huipa amri ya kuitoa diski hiyo ya bandia, ndipo modemu inapojitambulisha upya kwa namba nyingine. Namba hiyo isipokuwamo katika orodha ya programu husika ndani ya kiini, sharti iongezwe, na aghalabu nyongeza yenyewe ni mstari mmoja tu wa msimbo.

Mwongozo ukiagiza "toa kiendeshi, kisha ongeza kiendeshi", msomaji anaweza kuifuta programu ileile anayoihitaji.

Hatari hiyo ina uzito Ngara na Biharamulo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huungana na Rwanda mpakani Rusumo, wilayani Ngara. Lakini mkongo kupita wilayani si waya kufika darasani. Shule isiyofikiwa na waya hutegemea laini ya simu, na kwa hiyo modemu. Aidha, kwa wazungumzaji wa Kihangaza na Kishubi, Kiswahili cha maandishi ni lugha ya shuleni: agizo lililochapishwa hufuatwa kama lilivyo.

Watetezi wa "kiendeshi" wana hoja: neno limeundwa vizuri kutokana na kitenzi "endesha", na kiambishi ki- kinafaa kwa ala. Hata hivyo, mafundi husema "draiva" wakimaanisha programu. Wapo wanaoliona hilo kuwa uvivu wa lugha, ilhali "dereva" nalo limetokana na neno hilohilo la Kiingereza. Kiswahili kimelikopa neno moja mara mbili, kikalipa maumbo mawili na kazi mbili: dereva wa gari, draiva ya modemu. Hakuna anayechanganyikiwa.

Hivyo basi, "kiendeshi" kibakie kwa kifaa, na "draiva" kwa programu. Istilahi ya ufundi haipimwi kwa usanifu wa umbo lake pekee. Hupimwa pia kwa iwapo agizo lililoandikwa kwayo linaweza kutekelezwa bila kuharibu kitu.