Christo Popov na Mbio Mbili

Mlioangalia fainali ya badminton ya Hangzhou, Jumapili ya 21 Desemba 2025, hamhitaji nirudie pointi kwa pointi. Christo Popov alimfunga Shi Yuqi, bingwa wa dunia, 21-19, 21-9, akawa Mfaransa wa kwanza kutwaa fainali za mwisho wa mwaka. Kazi safi. Mimi nilipozima runinga nilibaki na swali lilelile la miezi mingi: kijana huyu alikosaje Olimpiki ya Paris 2024, nchini mwao wenyewe?

Alikosa kwa sababu alikimbia mbio mbili. Kipindi cha kufuzu, Mei 2023 hadi Aprili 2024, alisaka pointi za mmoja mmoja na wiki hizohizo akasaka za wawili wawili na kaka yake, Toma Junior. Nafasi ya mmoja mmoja ikaenda kwa Toma. Ya wawili wawili wakaichukua Lucas Corvée na Ronan Labar. Mshika mbili moja humponyoka. Christo zilimponyoka zote. Uamuzi ule ulikuwa kosa, na nilisema hivyo wakati ule pale Upanga, kwenye mabenchi ya ukumbi, nikaambiwa najifanya mjuaji.

Najua kilichowavutia ndugu hao. Christo anatumia mkono wa kushoto, Toma wa kulia, na jozi ya namna hiyo huziba pembe ambazo wengine huziacha wazi. Lakini tazameni miguu. Kwenye wawili wawili ukishapiga smashi unaegemea mbele, ukijua mwenzako yupo kulinda ulipoacha. Kwenye mmoja mmoja hakuna mwenzako. Usiporudi katikati mara moja, kinyoya kinatua nyuma yako. Mkono nao ni vivyo hivyo: draivu za wawili wawili zinataka mkono mfupi na mshiko uliokaza, wakati mmoja mmoja unataka kiganja kilicholegea, kinachokizuia kinyoya kwenye neti nusu sekunde hadi mpinzani aanze kwenda upande usio sahihi. Hata macho hudanganyika. Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 6.10, wa mmoja mmoja 5.18, na mstari wa nyuma wa sevu ya wawili wawili umesogezwa ndani sentimita 76. Mwili wa binadamu haubadilishi vipimo hivyo mchana na jioni, wiki baada ya wiki, bila kulipa.

Mtaniambia Toma naye alicheza yote na akafuzu. Kweli. Lakini kule Paris alicheza mmoja mmoja peke yake, akamfunga Anthony Ginting, mshindi wa shaba ya Tokyo, 21-19, 17-21, 21-15. Na Hangzhou, Christo naye alikuwa na mchezo mmoja tu. Seti ya pili, ile ambayo Shi alipata pointi 9, Christo aliicheza kwa miguu isiyochoka.

Wazee wetu walilijua hili. Taufik Hidayat hakugawa ile bekihendi yake kwa mtu. Aliibeba peke yake hadi dhahabu ya Athens 2004. Lin Dan alichukua Beijing na London kwa njia hiyohiyo. Mfaransa Brice Leverdez hakuwa na nusu ya kipaji cha Christo, lakini kwenye mashindano ya dunia ya Glasgow 2017 alimtoa Lee Chong Wei raundi ya kwanza, 21-19, 22-24, 21-17, kwa mapafu na subira. Na jirani yetu Edwin Ekiring wa Uganda alifika Olimpiki mbili, 2008 na 2012, kwa mmoja mmoja.

Jambo hili la kukimbia mbio mbili linaniuma kwa sababu naliona hapa mtaani kila mashindano ya wikiendi. Mwaka jana nilimtazama binti wa miaka 14 aliyeandikishwa michezo mitatu: mmoja mmoja, wawili wawili na mchanganyiko. Jumapili jioni, fainali ya mmoja mmoja, alikuwa anapiga kliya zinazoishia katikati ya uwanja, na mpinzani aliyepumzika tangu asubuhi akizimaliza moja moja. Nilimwuliza mwandaaji kwa nini hakumwekea kikomo. Akanijibu kwamba ada ya kila mchezo ndiyo inayolipia ukumbi na vinyoya.

Binti alikuwa amekaa chini nyuma yetu, anafungua viatu.