Chatu na Mkalimani Wake: Kuisoma Peponi Kutoka Kabuta

Tafsiri ya Paradise (1994) ya Abdulrazak Gurnah, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kutolewa kwa jina la Peponi mwaka 2022, imewezesha riwaya hiyo kujadiliwa kwa Kiswahili bila kupitia Kiingereza. Mijadala huelekea kumwandama Yusuf, kijana aliyewekwa rehani kwa deni la babake. Kikundi cha wasomaji kitakachoketi Kabuta, ufukoni mwa Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, kina sababu ya kuanzia kwingine: kwa Chatu, mtawala wa Marungu anayetwaa mali ya msafara wa Aziz. Milima ya Marungu iko kati ya Mweru na Tanganyika.

Chatu anadai kwamba wafanyabiashara waliotangulia waliwachukua majirani wa watu wake. Hoja hiyo nzito humfikia msomaji kupitia kwa Nyundo, mkalimani ambaye wasafiri wenyewe wanamshuku. Katika Kiingereza, wote wawili wamevikwa lugha ya kigeni. Katika Peponi, Nyundo amerejea kwenye lugha ya kazi yake, ilhali Chatu amebaki bila yake. Hiyo si kasoro ya mfasiri; ni pengo lililokuwamo tangu awali, ila sasa linaonekana. Kitabwa cha Marungu kina udugu wa karibu na Kibemba, hivyo msomaji wa Kabuta anaweza kujaribu kumrudishia Chatu maneno yake, zoezi lisilowezekana kwa msomaji wa Unguja.

Maandishi ya Kiswahili yaliyo nyuma ya riwaya hayasaidii sana hapa. Selemani bin Mwenye Chande, katika Safari za Wasuaheli (1901), na Tippu Tip, anaposimulia vita vyake na Nsama wa Watabwa, wote husema kutoka upande wa msafara. Upande wa wenyeji unapatikana katika Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi (1951) cha Mwata Kazembe wa XIV, kilichoandikwa kwa Kibemba. Nacho, ni kweli, ni kitabu cha ikulu kuliko cha wavuvi.

SADC ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2019, lakini hakimo miongoni mwa lugha saba za kieneo zinazofundishwa shuleni Zambia. Washauri wa sera watakaotaka kupeleka Peponi Luapula waipeleke pamoja na Ifikolwe, na wasikilazimishe kikundi kuzungumza Kiswahili pale mjadala unapomfikia Chatu.