Mwenye Kujua na Mwenye Kuandika

Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa, alifariki mnamo 1840. Tungo zake zilisalia zaidi vifuani mwa watu, hadi Mwalimu Sikujua bin Abdallah alipozikusanya, akaziandika kwa hati za Kiarabu na kumfasiria W. E. Taylor, mmishonari Mwingereza. Diwani ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, mhariri akiwa W. Hichens.

Bila ya Taylor, huenda karatasi zile zisingefika London zikahifadhiwa. Bila ya Sikujua, pasingekuwa na cha kuhifadhi. Shairi la Muyaka ni la tukio: jibu kwa mshindani, kejeli kwa Seyyid Said, kauli ya kuwatetea Mazrui. Asiyejua lilimlenga nani hupata vina na mizani, akakosa maana. Ujuzi huo ndio uhakiki wenyewe, wala si msaada wa kutolewa shukrani tu.

Liyongo Songs, iliyotoka Köln mwaka 2004, ilipiga hatua: Gudrun Miehe aliihariri pamoja na Ahmed Sheikh Nabhany, Ahmad Nassir, Abdilatif Abdalla na wenzao, wote wakitajwa kuwa wahariri. Huo ni ushirika wa haki. Hata hivyo, tafsiri na maelezo ni ya Kiingereza. Mwenyeji amepewa nafasi jamvini. Lugha yake ya kuhakikia bado imesimama mlangoni.