"Rudufu" na "Kurejesha": Istilahi Mbili Zilizobebeshwa Mzigo Mkubwa

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zilizokwisha kuenea, *rudufu* imependwa kupita kiasi. Twaikuta katika *nakala rudufu*, yaani data iliyonakiliwa na kuwekwa mbali na ile ya asili; na twaikuta tena katika *diski rudufu*, yaani diski zilizopangwa katika safu ili moja ikiharibika kazi isisimame. Kwa maoni yetu, matumizi haya ya pili yanapotosha.

Dhana ya safu ya namna hii ilifafanuliwa mwaka 1988 na David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Katika safu ya daraja la 5 hakuna diski iliyo nakala ya nyingine. Data hutawanywa pamoja na matokeo ya hesabu maalumu, na diski moja ikifa, yaliyokuwamo hukokotolewa kutokana na zilizosalia. Zikifa mbili, safu nzima huanguka. Tena, faili likifutwa kwa makosa, hufutika katika safu nzima papo hapo. Basi asomaye *rudufu* akadhani anayo nakala, amepotoshwa na istilahi. Yafaa tuseme *safu stahimilivu*, na *rudufu* ibakie kwa nakala.

*Kurejesha* nako kumebebeshwa vitendo vitatu: kutia diski mpya katika safu iliyopungukiwa, kutoa data katika ghala la nakala na kuirudisha mahali pake, na kuitoa katika diski zilizoharibika. Fundi aliyeagizwa "kurejesha safu" aweza kuiunda upya, na kwa kitendo hicho akafuta data iliyokuwa bado yaweza kuokolewa. Hatari hudhihirika zaidi pale ghala la nakala lenyewe linapokuwa juu ya safu iliyoanguka. Ikiwa data ya asili ni nzima, safu na iundwe upya, nakala zichukuliwe tena. Ikiwa ya asili nayo imepotea, diski zile zisiguswe kabla ya kutolewa kilichomo.

Huenda ikasemwa kuwa muktadha watosha. Lakini maelekezo ya dharura husomwa kwa haraka, na mara nyingi na mtu asiyeyaandika.

Kwa hiyo twapendekeza *kukarabati safu*, *kurejesha data* na *kuopoa data*. *Kuopoa* ni kutoa kilichozama majini au kilichotumbukia shimoni; dhana imekwisha kuwamo, haihitaji kuundiwa neno jipya.