Waya wa Unyanyembe

Gitaa la solo likilia katika santuri ya bendi ya Tabora Jazz, sifa zote humwendea mpigaji. Anastahili. Lakini chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna kitu kidogo, hakizidi urefu wa kidole, ambacho mafundi wa vyombo hukiita pikapu. Ndani yake mna kazi ya mkono ambayo watu hawaitaji kabisa: kazi ya kuzungusha waya. Nataka kuisifia nikiwa upande wa Tabora, kwa sababu ni mji wa bara uliozoea tangu zamani kupokea waya, kuupima na kuuthamini.

Pikapu ya mtindo mmoja maarufu ni sumaku sita ndogo, moja chini ya kila uzi, zilizozungushiwa waya wa shaba nyekundu wenye unene wa milimita 0.06, unaokaribiana na unywele. Uzi wa chuma ukitetemeka, nguvu ya sumaku inayopita katikati ya koili hiyo ya waya nayo inayumba, na umeme kidogo unazaliwa humo humo. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha London mwaka 1831. Hakuna betri, kidole cha mpigaji ndicho kinachozalisha umeme. Pikapu moja ya gitaa la Fender Stratocaster ya miaka ya 1950 ilikula mizunguko 8,000 hivi. Uufungue waya wake wote uunyooshe, utapata kama kilomita nzima, na ukiupima utakuwa gramu 30 hivi.

Sasa tuingie kwenye njia ya misafara. Msafiri Stanley alipofungasha mizigo yake Zanzibar mwaka 1871 kabla ya kuja Unyanyembe, yaani upande huu wa Tabora, alinunua masango, yaani waya wa shaba ya manjano, frasila 10, ambazo ni ratili 350. Aliandika kwamba ng'ambo ya Ziwa Tanganyika waya ulihesabiwa kama dhahabu, wakati nguo ilikuwa fedha na shanga ni chenji tu. Waya huo ulipanda kutoka pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ukaishia kuwa vitindi vya kupanda mkono mpaka kwenye kiwiko. Na haukuwa wa pwani peke yake. Wayeke, watu wa Msiri waliotoka upande wa Unyamwezi wakatawala Katanga, waliyeyusha shaba nyekundu ya huko, wakaifua, wakaivuta kwenye tundu za bamba la chuma, kila tundu jembamba kuliko lililotangulia, hadi ikawa waya mwembamba mno. Kisha wakauzungushia kwenye singa za mikia ya wanyama, mzunguko ukilala kando ya mwenzake bila nafasi, wakapata pete laini za mguu zinazopindika bila kukatika. Unyamwezi nako pete za namna hiyo zilivaliwa, zikiitwa sambo.

Nimepiga hesabu. Mzigo wa mpagazi mmoja, frasila mbili hivi, kwa uzito ungetosha pikapu 1,000 hivi.

Waliovuta shaba ile wangeitambua kazi iliyokuja kufanyika Marekani baadaye. George Beauchamp, aliyetengeneza moja ya pikapu za kwanza kabisa mwaka 1931, inasimuliwa kwamba alizungusha waya kwa mota ya mashine ya kufulia. Kampuni ya Gibson ilitumia mashine za Leesona, kutoka Universal Winding ya Rhode Island, ambazo asili yake ni viwanda vya nguo, mashine za kukunja nyuzi za pamba. Hapo moyo wangu husisimka, maana viwanda vya pamba vya pembe hiyo hiyo ya Marekani ndivyo vilivyofuma merikani, ile nguo iliyobebwa pamoja na masango hadi Kazeh, jina la zamani la Tabora.

Mashine zile kuukuu bado zinatafutwa kwa bei kali, na si kwa sababu ya ukale wake tu. Gurudumu lake la kuongozea huusukuma waya kulia na kushoto kwa mwendo wake maalumu, na namna tabaka zinavyolaliana huamua sauti. Mizunguko ikiongezeka, sauti hupata nguvu lakini hupoteza ukali wake wa juu. Waya ukikazwa kupita kiasi, hurefuka, hukonda na kukatika. Ukilegea, koili hutetemeka yenyewe na kupiga filimbi kwenye amplifaya. Kule kwenye kampuni ya Fender waliuongoza waya kwa vidole. Abigail Ybarra, aliyeanza kazi hapo mwaka 1956, anakumbukwa hadi leo kwa pikapu alizozungusha, na ninaona hiyo ni heshima ya haki. Vidole havilazi waya kwa usawa wa mashine. Mizunguko hupishana ovyo kidogo, na wapigaji wengi wanaapa kwamba uwazi wa sauti unatoka hapo. Mimi nawaamini.

Tabora ya leo kazi ya koili ipo, ila inaitwa kusuka mota. Mtazame fundi aliyeletewa mota ya mashine ya kusaga iliyoungua. Kwanza anaikata koili ya zamani, anahesabu nyuzi zake moja moja, anapima unene wa waya kwa maikromita na kuandika kwenye daftari lenye madoa ya vanishi. Ndipo anapofunga kalibu ya mbao kwenye kimashine cha mkono chenye kaunta. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto umeubana waya kwa kitambaa, na humsemeshi hapo. Akikosea hesabu mota itachemka, na mwenye mashine atarudi na maneno. Hata waya wa feni, mwembamba kwa kazi za mota, ni mnene mara kadhaa kuliko wa pikapu. Ila nidhamu ni ile ile: hesabu, mkazo, subira.

Kuna jambo la mwisho la ufundi, linalohitaji kitu ambacho Tabora inacho tele. Koili ikikamilika huchovywa kwenye nta iliyoyeyushwa, nta ya parafini iliyochanganywa na nta ya nyuki, ili kila mzunguko ushike mahali pake na ile filimbi isitokee. Moto uwe mdogo, kiasi cha nyuzijoto 65 za Selsiasi, la sivyo plastiki inapinda. Nta hiyo ya nyuki inatoka kwenye mizinga iliyo katika miti ya miombo inayouzunguka mji wote.

Gitaa la bendi likinyamaza, mara nyingi waya umekatika mahali pamoja tu, au kutu imeula pale ulipounganishwa. Sumaku zinabaki nzima. Waya wa milimita 0.06 utaagizwa, nta ipo sokoni, mkono unaojua kuhesabu upo karakanani. Wanamuziki wa Tabora na Urambo, kabla hamjaagiza pikapu mpya kutoka nje, ipelekeni ile ya zamani kwa msuka mota, mkae naye ajaribu, na mkimlipa mlipeni malipo ya fundi, si ya kibarua.